Tusizime mashine, tufundishe sikio

Wahenga walinena kwamba ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Methali hiyo ilinijia akilini siku moja nilipokuwa nimesimama mbele ya wanafunzi, wazazi na walimu katika sherehe ya kutoa tuzo kwenye shule moja ya upili iliyo kando ya barabara itokayo Embu kwenda Meru. Nilikuwa mgeni wa heshima, nami nilikuwa nimeandaa hotuba fupi juu ya manufaa ya mashindano ya uandishi wa insha. Nilipotangaza kwa sauti ya juu kwamba kila mwanafunzi anahitaji shindano ili anoe akili yake, ukumbi mzima uliangua kicheko. Waliokaa nyuma walikuwa wamesikia kwamba kila mwanafunzi anahitaji sindano.

Niliirudia sentensi yangu polepole, nikalitamka neno silabi baada ya silabi. Kicheko kikazidi. Maikrofoni ilikuwa nzima, spika mbili ndefu zilikuwa zikinguruma kila nilipofungua kinywa, na sina shaka kwamba sauti yangu ilifika hadi langoni. Ajabu ni kwamba sauti ilifika bila maneno. Wasikilizaji walipata mngurumo wa mtu anayezungumza, lakini lugha ilikuwa imebaki njiani.

Kijana aliyekodiwa kucheza muziki alikuja mbio, akainama karibu yangu na kuninong'oneza: "Samahani mwalimu, nilisahau kufungua filta." Alizungusha kitufe kimoja tu kwenye mashine yake, na papo hapo "sh" yangu ikarudi kutoka ilikokuwa imekwenda. Hotuba ikaendelea.

Baada ya sherehe, tulipokuwa tukinywa chai, mwalimu mmoja alitoa hukumu. Alisema kwamba mitambo ya aina hiyo ni ya magari ya abiria na vilabu vya usiku, na kwamba haifai kuingia tena katika lango la shule. Wenzake waliitikia kwa vichwa. Mimi sikukubaliana nao, na kwa kuwa sikupata nafasi ya kujieleza siku ile, naomba ruhusa yako, msomaji mpenzi, nijieleze leo. Nadai kwamba kitufe kile kilichoniaibisha ni kifaa bora cha kufundishia somo la sauti za lugha. Nadai pia kwamba vijana wetu wa Meru na Embu wana haja kubwa ya kulielewa somo hilo, kwa sababu kuna kichujio kingine kinachofungwa polepole masikioni mwao, na hicho hakuna kijana atakayekuja mbio kukifungua.

Hebu kwanza tutazame mashine yenyewe. Mcheza santuri, au DJ kama wanafunzi wanavyomwita, huwa na mashine inayopokea nyimbo mbili au zaidi kwa wakati mmoja na kuzichanganya ili mmoja uingie mwingine ukitoka. Mashine hiyo ndiyo mikisa. Baadhi ya mikisa zina sehemu ya filta, ambayo kwa Kiswahili sanifu hatuna budi kuiita kichujio. Neno hilo halikuzuka jana. Kila jiko kuanzia Maua hadi Siakago lina chujio la chai: majani hubaki juu, chai hupita chini. Mfuga nyuki wa Mbeere huchuja asali, masega yakabaki na asali ikapita. Kichujio cha mikisa hufanya kazi iyo hiyo, ila kinachochujwa hapa ni masafa ya sauti, yaani kasi ya mitetemo, ambayo hupimwa kwa hezi. Sikio changa na zima la binadamu husikia kuanzia mitetemo kama 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Besi hukaa chini, mlio wa matoazi hukaa juu.

Vichujio hivyo ni vya aina tatu kuu. Kipo kinachopitisha masafa ya chini na kuyazuia ya juu. Ukikifunga, wimbo husikika kana kwamba unapigwa nyumba ya jirani. Kipo kinachopitisha masafa ya juu na kuyazuia ya chini. Hicho huufanya wimbo uwe mwembamba kama utokao katika redio ndogo ya mfukoni. Cha tatu hupitisha ukanda wa katikati na kukata pande zote mbili. Mikisa ya analogi ya Xone:92, iliyotengenezwa na kampuni ya Allen & Heath ya Uingereza, ina vichujio viwili, na kila kimoja chaweza kufanya kazi hizo zote tatu. Kitufe kimoja huamua ni masafa gani ndiyo mpaka wa kupita na kuzuiwa. Kingine huongeza mvumo pale pale penye mpaka, hata sauti ikatoa mlio kama wa filimbi.

Mashine inapoitwa ya analogi, maana yake ni kwamba umeme wa wimbo wenyewe ndio unaopita katika vifaa, bila kugeuzwa kwanza kuwa tarakimu. Miongoni mwa vifaa hivyo ni kapasita, ambayo kwa tabia yake huyapitisha masafa ya juu kwa urahisi na kuyawekea ukinzani yale ya chini. Ukiiweka njiani mwa sauti, besi hukwama. Ukiiweka kando ili iwe mfereji wa kuteremshia ardhini, masafa ya juu humwagika huko na besi huendelea na safari. Mwalimu wa fizikia anayesoma makala haya anajua kwamba haya yamo katika somo lake la umeme. Linalokosekana ni mtu wa kumwambia mwanafunzi kwamba kapasita ya kitabuni ndiyo inayomchezesha dansi.

Wala kuchuja si mchezo wa watu wasio na elimu. Osbourne Ruddock wa Kingston, Jamaika, aliyeishi kati ya mwaka 1941 na 1989 na kujulikana kwa jina la King Tubby, alikuwa fundi wa vyombo vya umeme kabla ya kusifika katika muziki. Katika miaka ya 1970 alikaa mbele ya meza yake ya kuchanganyia sauti, iliyokuwa na kichujio chenye kitufe kikubwa, akawa anauondoa uimbaji, anaikata besi, anairudisha, hata wimbo mmoja wa rege ukazaa wimbo mwingine. Mtindo huo uliitwa dabu. Abiria anayepanda gari Embu, akapita Runyenjes, Chuka na Nkubu hadi Meru mjini huku rege ikimvumia masikioni, anasikia wajukuu wa kazi ya fundi yule.

Sasa tugeukie lugha, ambayo ndiyo taaluma yangu. Mwaka 1960 mtaalamu wa Uswidi, Gunnar Fant, alichapisha kitabu kilichoeleza kwa hesabu jinsi sauti za usemi zinavyozalishwa. Kiini cha maelezo yake ni rahisi. Nyuzi sauti kooni hutoa mlio wenye masafa mengi kwa pamoja, na mlio huo ndio chanzo. Kisha koo, ulimi, kinywa na midomo huuchuja mlio huo, hupitisha masafa fulani kwa nguvu na kuyadhoofisha mengine. Unapotamka "i" kisha "u" bila kubadilisha kimo cha sauti, nyuzi zako zinatoa mlio ule ule. Kilichobadilika ni kichujio. Kwa maneno mengine, kila mmoja wetu alizaliwa na mikisa ya analogi kinywani, na mtoto wa miaka mitatu wa Igembe au Gaturi huviendesha vichujio vyake kwa ustadi ambao hakuna DJ aliyewahi kuufikia.

Jaribio lifuatalo laweza kufanywa darasani kwa dakika tano. Mwanafunzi atamke "iiii" kwenye maikrofoni, na mwenzake afunge taratibu kichujio kinachopitisha masafa ya chini hadi kufikia kama hezi 1,000. Darasa litasikia "i" ikigeuka kuwa kitu kilicho karibu sana na "u". Sababu ni kwamba irabu hizo mbili hufanana katika mvumo wao wa kwanza wa chini, na hutofautiana katika mvumo wa pili: wa "i" hupanda zaidi ya hezi 2,000, ilhali wa "u" hubaki chini ya 1,000. Ukikata ya juu, umefuta alama inayozitenga. Mkulima "amelima" shamba, na kwa spika mbovu "ameluma" shamba. Vivyo hivyo "e" na "o" husogeleana, hata mchango wa "pesa" ukaelekea kuwa "posa". Nadhani katika harusi zetu kosa hilo si dogo.

Kwa wanafunzi wa Meru na Embu somo hili lina uzito wa ziada. Kiswahili kina irabu tano. Kimeru na Kiembu, kama Kikuyu, vina saba, kwa kuwa mbali na "i" na "u" kuna "ĩ" na "ũ" ambazo hutenganisha maana. Mtoto wa huku, basi, huja shuleni akiwa na sikio lililozoea kutofautisha irabu zilizokaribiana mno. Huo ni utajiri. Lakini kadiri vitu vinavyokaribiana ndivyo vinavyohitaji njia safi ya kupitia. Stesheni kama Muuga FM kwa Kimeru na Wimwaro FM kwa lugha za Embu na Mbeere zimezipa lugha hizo uwanja mpana wa kusikika; hata hivyo juhudi za mtangazaji huwa bure ikiwa mwenye redio ameizungusha besi hadi mwisho, na lugha ya mama ikamfikia mtoto ikiwa ni mngurumo.

Konsonanti ndizo huumia zaidi. Irabu hubeba sehemu kubwa ya nguvu ya sauti, ilhali konsonanti hubeba sehemu kubwa ya maana. Mwaka 1947 watafiti wawili wa maabara ya simu ya Bell nchini Marekani, N. R. French na J. C. Steinberg, walieleza majaribio ambayo silabi zilipitishwa katika vichujio na wasikilizaji wakatakiwa kuandika walichosikia. Walionyesha kwamba masafa yaliyo chini ya takribani hezi 1,900 yanachangia ufahamu wa silabi sawa na yale yaliyo juu ya hapo. Kwa hiyo mtu anayekata kila kitu kilicho juu ya hezi 1,000 ametupa zaidi ya nusu ya habari, hata kama kifua chake kinatetemeka kwa besi. "S" hutegemea sana masafa yaliyo juu ya hezi 4,000. Simu za kawaida zilitengenezwa zipitishe kati ya hezi 300 na 3,400 tu, ndiyo maana tunapotaja jina kwenye simu hulazimika kusema "F ya Fatuma" na "S ya Sara". Sindano na shindano yangu yalianguka katika shimo hilo hilo.

Je, tunafundishaje mambo haya kwa sasa? Mwanafunzi hukariri jedwali. Anajua kuandika kwamba [s] ni kikwamizo cha ufizi, kwamba [sh] ni kikwamizo cha kaakaa gumu, na kwamba [f] hutamkiwa kwenye midomo na meno. Anapata alama zake na kusahau. Hajawahi kuzisikia sauti hizo zikitoweka na kurudi. Lau angelisikia mara moja tu "saba" na "shaba" zikiungana kitufe kinapofungwa, kisha zikiachana kinapofunguliwa, jedwali lile lingekuwa na uhai. Aidha, mtaala wa umilisi umeweka katika shule za sekondari ya juu mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo. Itakuwa kichekesho tukifungulia sanaa mlango mmoja huku tukiifukuza mikisa kwa mlango mwingine.

Najua nitajibiwa kwamba nawatetea wapiga kelele. La, hasha. Hapa ndipo ninapowaunga mkono walimu wenzangu kwa dhati. Sauti yenye nguvu ya masafa ya chini ina tabia ya kuzifunika zile za juu, kwa hiyo besi kubwa huyazamisha maneno hata bila kichujio chochote kufungwa. Isitoshe, kelele kubwa ya muda mrefu huua chembe ndogo za sikio la ndani zinazogeuza mitetemo kuwa habari ya ubongo, na kwa binadamu chembe hizo hazioti upya. Madhara hayo kwa kawaida huanza kuonekana karibu na hezi 4,000, mahali pale pale penye makao ya konsonanti. Kijana anayeshinda mlangoni mwa gari lenye spika kubwa, au anayelala na visikizi vimefunguliwa hadi mwisho, hapotezi sauti zote kwa mkupuo. Anaanza kusikia watu wakizungumza bila kuelewa walichosema. Anadhani mwalimu anamung'unya maneno. Kumbe sikio lake limekuwa kichujio kinachopitisha masafa ya chini tu.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 mwongozo kwa kumbi za muziki ambao unaweka wastani wa desibeli 100 kuwa kikomo cha juu. Nchini Kenya, kanuni za kudhibiti kelele zilitangazwa mwaka 2009. Sheria ni njema, lakini askari hawezi kusimama kando ya kila kitufe. Anayeweza kujilinda ni mtu aliyefundishwa kusikiliza, na hilo ni jukumu letu sisi walimu.

Wala tusiilaumu besi kana kwamba ni mgeni. Katikati ya safari kutoka Embu kwenda Meru, kule Chuka, kuna wapiga ngoma ambao sifa zao zimevuka mipaka ya nchi. Mngurumo wa chini ni urithi wetu. Tatizo si besi kuwepo, bali ni besi kusahau kwamba haikualikwa peke yake.

Kwa sababu hiyo ninapendekeza mambo machache kwa wanafunzi wanaopenda kazi hii na kwa walimu wanaowakodi. Kabla mtu hajashika maikrofoni, vichujio vyote vifunguliwe, na njia ya maikrofoni isiunganishwe na kichujio cha muziki hata kidogo. Sauti ya msemaji ikatwe tu chini ya kama hezi 80 au 100, ambako kuna mivumo ya upepo na vishindo vya kushikashika chombo. Konsonanti zake ziachwe huru. Wimbo mmoja unapoingia na mwingine unatoka, besi ya mmoja iondolewe kwanza, maana besi mbili ni fahali wawili katika zizi moja. Kichujio kifungwe polepole na kifunguliwe kwa wakati, kwani utamu wake umo katika kurudi kwa kile kilichoondolewa. Kikiachwa kimefungwa, si sanaa tena bali ni hitilafu. Mvumo wa pale mpakani uongezwe kwa hadhari, kwa kuwa mlio wake mkali huweza kuumiza masikio na kuunguza spika. Mwisho, mchezaji aondoke mara kwa mara nyuma ya mashine yake, atembee hadi viti vya nyuma, asikilize huko. Mwalimu naye afanye vivyo hivyo.

Shule isiyo na mikisa isikate tamaa. Mlango wa mbao ni kichujio. Mwalimu asimame nje ya darasa, aufunge mlango, asome orodha ya maneno kama saba, shaba, lima, luma, pesa na posa, na wanafunzi waandike walichosikia. Makosa yao yatakuwa somo bora kuliko majibu sahihi ya kukariri. Baadaye wachambue neno "kichujio" lenyewe: mzizi wa kitenzi "chuja", kiambishi "ki-" mwanzoni na "-io" mwishoni, waone jinsi Kiswahili kinavyoweza kuipa jina mashine ya Uingereza kwa kutumia chombo cha jikoni.

Pale Nchiru, katika kaunti ya Meru, pana mahali patakatifu pa wazee wa Njuri Ncheke, na hapo hapo Nchiru pana chuo kikuu cha sayansi na teknolojia. Wazee wa baraza hilo walijenga heshima yake kwa vizazi vingi bila maikrofoni. Neno la mzee lilipaswa kufika likiwa zima, maana ndilo lililokuwa hukumu. Vijana wa chuo kile wanajifunza saketi na mawimbi. Mimi sioni uadui kati ya majirani hao wawili. Naona kazi moja: kuhakikisha kwamba neno linalotoka kinywani linafika sikioni bila kupungukiwa.

Yule kijana aliyeninong'oneza nilimwomba radhi kwa hasira niliyokuwa nayo moyoni, nikamwomba pia anionyeshe kitufe chake. Alinifundisha kwa dakika kumi, akicheka kila "i" yangu ilipogeuka "u". Nimefundisha fonetiki kwa miaka mingi, nami nakiri kwamba sikuwa nimewahi kuisikia hivyo. Mwalimu mwenzangu, safari ijayo kijana kama huyo akiingia langoni mwa shule yako na mashine yake, usimfukuze. Mpe meza, mpe maswali, na uwape wanafunzi wako masikio.